Mkenya Gani Hana Meno ya Chini?

Siku jirani zetu wa kaskazini walipotangaza kwamba wamepiga kura kujitenga, nilikuwa Gatina, nakula chapati na maharagwe kwa hoteli ya chini ya ploti yetu, vumbi la saruji bado kwa nyusi. Kando yangu alikaa Mzee Ouma wa mtaa wa Kianda, fundi aliyenifunza kupiga plasta. Kwa televisheni wakubwa wetu walikuwa wanapongeza, wanaahidi barabara, wanatuhimiza twende tukajenge. Hata serikali waliyojitenga nayo ilikubali matokeo. Sasa nani angeona vita hapo?

"Kamau, hao ni watu wangu," Mzee akasema. "Wajaluo tulitoka huko. Ona hata meno."

Akafungua mdomo, hoteli nzima ikacheka. Aling'olewa meno sita ya chini akiwa kijana, mila ya kwao ya zamani, na watu wa huko pia hung'oa.

Tukaenda. Tulijenga Juba miaka miwili na zaidi. Vibarua walimpenda Mzee kuliko mimi, wakamfunza salamu za kwao, naye akawa anazitoa kila mahali akiringa kama bwana harusi. Nilimtania kwamba wataishia kumpa mke. Wakubwa wa pale walikuwa wanazozana, hilo tulijua, lakini wakubwa wa wapi hawazozani?

Kisha asubuhi moja, risasi.

Tulidhani ni sherehe, mpaka ukuta wa jikoni ukatoboka. Siku mbili tulilala nyuma ya mifuko ya saruji. Vibarua wawili walitoka kutafuta maji, hawakurudi. Nilijikojolea, na sioni haya kusema.

Siku ya tatu simu ikaja: serikali yetu imetuma ndege, walio kwenye orodha wafike uwanjani kabla ya adhuhuri. Majina yetu yalikuwepo. Lakini paspoti ya Mzee ilikuwa kwa tajiri wetu, aliyeichukua ili amtafutie kibali kipya, na tajiri alishatoroka.

Tulipanda pikapu na Wakenya wengine. Karibu na uwanja, kizuizi.

"Shukeni. Karatasi."

Nilitoa yangu.

Mzee hakuwa na karatasi. Aliwasalimu askari kwa lugha ya vibarua, akitabasamu, kwa sababu aliamini kabisa kwamba hao ni ndugu zake.

Lugha hiyo ilikuwa ya kabila ambalo askari hao walikuwa wakilisaka.

Askari mmoja alijua Kiswahili kidogo. Alimtazama mdomo.

"Mkenya gani hana meno ya chini?"

Mzee alinigeukia. "Kamau, si uwaambie."

Askari naye akanigeukia. "Wewe. Unamjua huyu?"

Nilitazama viatu vyake.

Sikusema kitu.

Walimpeleka nyuma ya ukuta wa matofali. Sisi tuliambiwa tupande, dereva akaondoa gari. Sikusikia mlio wowote, na mpaka leo sijui kama hilo ni jambo la kushukuru.

Uwanjani ofisa wetu alisoma orodha. Jina la Mzee alilisoma mara tatu, akangoja, akalisoma tena kwa sauti kubwa, halafu akauliza kwa upole kama kuna anayemjua. Ngai! Mtu asiyemjua alimwita mara nne, mimi niliyekula naye sahani moja sikumwita hata mara moja. Baadaye serikali yetu iliandikia ile ya kule, na ile ya kule ikajibu kwamba inachunguza. Zilijibizana kwa heshima, kama zilivyopongezana mwanzo. Siwezi kuzilaumu zaidi ya ninavyojilaumu.

Nilipofika Kianda, mkewe alikuwa amekaa mlangoni na binti yao. Nilimsimulia yaliyotukuta kwenye kizuizi. Hakulia kwanza. Aliuliza, "Uliwaambia yeye ni Mkenya?"

"Niliwaambia, Mama. Walikataa kunisikia."

Akanishika mikono yote miwili, akanibariki mbele ya majirani kwa kumtetea mzee wake. Nilirudi Gatina kwa miguu.

Juzi yule binti alijifungua mtoto wa kiume. Mama alinipigia simu yeye mwenyewe, anacheka na kulia. Kwao mtu aliyewasimamia wakati wa shida anaweza kupewa mtoto wa jina.

Wamemwita Kamau.