Mtani wa Mheshimiwa

Restuta Ndahani anauza mafuta ya alizeti katika soko la Majengo, upande wa wauza nafaka. Wateja wake wa zamani walimfahamu kwa mafuta. Wengine wote wamemfahamu kwa filamu. Akipita na madumu yake, dereva wa bajaji hupunguza mwendo na kupaza sauti, "Mwandishi! Leo unamhoji nani?"

"Wewe, ukizidisha nauli," humjibu bila kugeuka.

Siku hizi tunawapigia makofi watu wengi kwa mambo madogo. Anayecheza vizuri harusini anasifiwa, anayetukana vizuri mtandaoni anasifiwa zaidi. Restuta alisifiwa kwa kukataa kucheka, na hilo ni jambo gumu kuliko watu wanavyodhani.

Amezaliwa kijiji kimoja upande wa Bahi, ambako kiangazi kikikolea wanawake huenda kwenye mto mkavu, hufukua mchanga hadi ubichi uonekane, kisha hukaa kando ya shimo na kungoja maji yajikusanye. Mama yake anafanya hivyo mpaka leo. Yeye alikuja mjini akiwa msichana, akaolewa, akakaa Chang'ombe, akamzaa Anitha, akafiwa na mume. Biashara ya mafuta aliianza na dumu moja la kuazima. Kuigiza alijifunza kanisani. Kwaya ya akina mama huandaa mchezo kila Krismasi, na kwa kuwa hakukuwa na mwanamume aliyeweza kuwatisha watoto hadi wakanyamaza, nafasi ya Herode alipewa Restuta. Aliishika miaka mingi. Wapo vijana wa Chang'ombe ambao hadi leo wakimwona sokoni husogea pembeni kidogo.

Mmoja wao ni Meshack, kijana aliyekwenda chuo kusomea filamu na kurudi na kamera za kukodi. Alikuwa na hadithi aliyoipenda sana. Naibu waziri mmoja, wa kubuni, alikwenda kijijini kuzindua bomba la maji. Utepe ukakatwa, bomba likafunguliwa, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake bomba likawa kavu. Kumbe nyuma ya shule kulikuwa na boza lililoleta maji usiku na kujaza tenki, na chini ya ardhi hakukuwa na kisima chochote. Habari ikavuja, mheshimiwa akafukuzwa kazi. Filamu yenyewe ilihusu siku aliyokubali kuhojiwa kwenye televisheni, akiamini kwamba kwa maneno yake matamu atatoka pale amesafishika.

"Mama Anitha, nataka uwe mwandishi wa habari," Meshack alimwambia, akiwa amesimama mbali na meza ya mafuta kama anayeogopa bado. "Yule anayemhoji."

"Mimi mwenye miaka arobaini na nane? Waandishi wa televisheni si wasichana wenye nywele ndefu?"

"Wasichana wanamwogopa Mheshimiwa. Nataka mtu ambaye Mheshimiwa atamwogopa yeye."

Restuta alitaka kukataa. Kisha akakumbuka hadithi inahusu nini, akamwona mama yake kando ya shimo la mchanga, akakubali. Alimwekea sharti moja tu: wale wanawake wa bomba wasifanywe wa kuchekwa. Meshack aliapa.

Wasanii wetu wengi hawapewi maneno yaliyoandikwa. Mwongozaji hueleza kisa, huwaambia wahusika waanzie wapi na waishie wapi, kamera inawashwa, na kila mmoja hutoa maneno yake kinywani mwake. Ndivyo Meshack alivyofanya. Walikuwa Nzuguni, katika nyumba ambayo haijakwisha, sebule wameizungushia vitambaa vyeusi ikafanana na studio ya televisheni. "Mama, wewe unauliza," alisema. "Mheshimiwa anakwepa, anakwepa, mwisho anakubali. Atakubalije, mtajua wenyewe."

Mheshimiwa aliigizwa na Bwana Kihwele, msanii mwenye jina, mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika na sauti ya kujaa chumba. Alikuwa ametoka Iringa siku hiyohiyo. Alipoingia na kumwona Restuta, akatandaza mikono na kumsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Nimeambiwa nitahojiwa na Mgogo. Nikasema basi nimepona, nitampa hela ya chai ataondoka."

"Kamwene," Restuta akajibu kwa Kihehe. "Na mimi nimeambiwa anakuja Mhehe. Mbwa wangu nimemfungia ndani tangu asubuhi."

Watu waliangua kicheko, na hao wawili wakashikana mikono kwa furaha ya kweli. Mgogo na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana, na walipochoka kupigana wakaachiana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika: huyu ombaomba, yule mla mbwa. Mtani hanuni. Akinuna ameshindwa, na habari yake itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Ni desturi nzuri, na mimi si mtu wa kuidharau. Lakini desturi nzuri ikiangukia mikononi mwa mtu mjanja hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia.

Kamera iliwashwa. Restuta aliuliza, "Mheshimiwa, yale maji yaliyotoka siku ya uzinduzi yalitoka wapi?"

Kihwele alimtazama kwa upole, akaegemea kiti. "Mtani wangu," akasema, "Mgogo tangu lini akauliza maji yametoka wapi? Si anashukuru tu yametoka?"

Bashiri, mpiga picha, mtu wa Kondoa asiyecheka ovyo, alicheka hadi picha ikatikisika. Meshack alicheka. Restuta naye, kabla hajajizuia, alicheka. Walirudia. Safari hii aliuliza kwa ukali wa Herode, na Kihwele akamgeukia Bashiri: "Mnaona? Mtani amenuna. Mleteeni ubuyu." Chumba kizima kikaangua kicheko. Wakarudia tena, ikawa vilevile. Kila swali lilipokaribia kumgusa, aliliita utani, na Restuta alifungwa mdomo na adabu aliyolelewa nayo.

Mapumziko yalipofika, Meshack alimwita nje, kwenye rundo la matofali. Alikuwa na haya usoni.

"Mama, aliyetoa hela za filamu ameona vipande kwenye simu. Amefurahi. Anasema tuiache hivihivi, iwe ya kuchekesha, itauzika."

"Na wale wanawake wa bomba?"

"Watakuwepo. Ila... watakuwa sehemu ya kichekesho."

"Meshack mwanangu, uliniapia."

"Niliapa, mama. Lakini Mheshimiwa hakubali kosa! Sina mahali pa kuipeleka hadithi. Nikupe mara moja ya mwisho. Ikishindikana, kesho anakuja msanii mwingine, Evelina, yeye anaweza vichekesho."

Restuta hakumlilia kijana. Alikaa juu ya matofali akanywa uji wake. Hakuumizwa na kunyang'anywa nafasi; mafuta ya alizeti yalikuwa yakimngoja sokoni. Kilichomuuma ni kwamba mtu aliyewanywesha wanawake maji ya uongo angetoka mbele ya nchi akiwa mcheshi, mtu wa watu, na wanaochekwa wangekuwa waliokwenda na ndoo. Nasi tumeliona hilo likitokea nje ya filamu. Kiongozi akianguka, siku hizi hatafuti pa kutubu. Anatafuta kipaza sauti na kisa cha kuchekesha, na sisi tunamsaidia kusimama kwa kicheko chetu.

Aliwaza, nimkasirikie? Atashinda. Nicheke naye? Atashinda. Ndipo akajiuliza swali ambalo lingemjia mtu wa kwao tu: mtani kazi yake ni kutania peke yake? Maana kuna siku moja ambayo mtani hutania, na kicheko chake kinabeba kazi nzito. Ni siku ya msiba. Ndugu wanalia, wanameza mengi. Mtani ndiye huvaa koti la marehemu, hutembea kama yeye, huongea kama yeye, na husema hadharani ulevi wake, uchoyo wake, ahadi zake alizozivunja. Hakuna wa kumzuia, na mfiwa haruhusiwi kuondoka kabla hajamaliza. Mwenyewe hayupo wa kujibu.

Alirudi ndani. Kihwele alikuwa ameketi tayari, koti la suti amelitundika nyuma ya kiti kwa sababu ya joto la taa.

"Mtani umerudi? Nilidhani umeenda kukusanya sadaka."

"Nimekuja msibani," alisema Restuta, na Meshack akamwashiria Bashiri awashe.

"Msiba wa nani?"

"Cheo chako si kimekufa? Ndugu zako wa chama wamekimbia, hata maturubai hawakufunga. Nani atakizika kama si mtani?"

Kihwele alicheka. Kwa desturi ilimpasa kucheka, na alicheka vizuri. Restuta alizunguka nyuma ya kiti, akachukua koti, akalivaa. Lilimfika magotini. Akatanguliza tumbo ambalo hakuwa nalo, akatembea kwa visigino mbele ya kamera, akapunga mkono.

"Wananchi wangu! Akina mama oyee! Nimewaletea nini?" Akakata utepe usiokuwepo. Akashika bomba lisilokuwepo, akalizungusha. "Shwaaa! Piga vigelegele, picha haijatoka vizuri. Rudia! Shwaaa!"

Alikuwa ni Kihwele mtupu, sauti, shingo, hata namna ya kujifuta jasho kwa kidole kimoja. Bashiri alijiziba mdomo. Kihwele mwenyewe alipiga paja.

Kisha Restuta akavua koti. Akalikunja, akaliweka juu ya mapaja ya Kihwele. Akafunga khanga yake kiunoni, akaokota ndoo ya rangi iliyoachwa pale na mafundi, akarudi palepale penye bomba. Akachuchumaa. Akazungusha. Akangoja.

Akazungusha tena. Akagonga bomba kwa kidole, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Akachungulia ndani ya ndoo. Hakulia wala hakutazama kamera. Alikaa kama alivyomwona mama yake akikaa, bila haraka, maana anayengoja maji hana kwingine kwa kwenda. Kicheko kilichokuwa chumbani kilipungua, kikabaki kwa mtu mmoja pembeni, naye akakigeuza kikohozi.

"Mtani..." Kihwele alianza.

"Utani umekwisha. Nimeshazika." Alirudi kwenye kiti chake, ndoo ameiweka katikati yao. "Sasa naongea na mfiwa. Maji yalitoka wapi?"

Kihwele alilishika koti kwa mikono miwili. Atanie nini tena? Mtani alikwisha kuvaa nguo zake mbele ya watu, na kwa desturi mfiwa haondoki.

"Yaliletwa," alisema.

"Na nini?"

"Na boza."

"Boza liliagizwa na nani?"

"Liliagizwa. Yalifanyika makosa, mama, kwenye ofisi..."

"Sikuuliza makosa yamefanyika wapi. Liliagizwa na nani?"

Kihwele aliitazama ile ndoo. Lugha yetu ina namna hiyo ya kusema jambo limefanyika bila aliyelifanya, na waheshimiwa wengi wamezeekea humo. Restuta alingoja.

"Na mimi," alisema Mheshimiwa. "Niliagiza mimi. Nilijua hakuna kisima. Nilitaka picha."

Hakuna aliyesema kata. Meshack alikuwa amesimama na mikono kichwani. Bashiri ndiye aliyezima kamera mwishowe, baada ya kuona hakuna mwenye nia ya kumwamuru.

Kihwele aliinuka polepole, akavaa koti lake bila kulikung'uta. "Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutomwita mtani, "mimi nilijiandaa kukushinda. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima. Ulipolivaa koti nikajua nimekwisha, kwetu pia hatuondoki. Lakini ile ndoo..." Alimpa mkono, na Restuta akaupokea kwa mikono miwili, kwa maana Kihwele alikuwa amemzidi umri, na ushindi si sababu ya kuacha adabu.

Meshack alikuwa na furaha ya kitoto. "Haigeuzwi hii! Mwenye hela akitaka vichekesho atafute kwingine. Mama Anitha, umeniokoa. Tuirudie mara moja tu, ya akiba. Kola ya koti ilikuwa imepinda, na kivuli cha kinasa sauti kimeonekana ukutani."

"Hapana," alisema Restuta.

"Mara moja, mama. Ni ya kiufundi tu."

"Mtu akishakiri, humwambii akiri tena ili upate picha nzuri. Huyu tunayemsema kosa lake lilikuwa nini? Si hilohilo la kurudisha watu wapige vigelegele upya?"

Meshack alimgeukia Kihwele, msanii mkubwa, akitumaini msaada.

"Usinitazame mimi," alisema Kihwele. "Mama amesema."

Restuta aliirudisha ndoo ya mafundi mahali alipoikuta, akafungua khanga kiunoni, akaiweka vizuri mabegani. Sehemu hiyo imo katika filamu kama ilivyo. Ukitazama kwa makini utaona kola iliyopinda na kivuli ukutani, na Meshack akiulizwa na wenzake waliosoma naye kwa nini ameacha kasoro mbili nzito kiasi hicho katika sehemu muhimu kuliko zote, huwaambia kwamba aliyeigiza alikataa kurudia, na kwamba alikuwa na haki.