Miguu ya Dukani

Kila nikimwona mtu anakimbia, humtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Najua si adabu. Natazama kama ni mirefu, kama ni myembamba, kama ngozi yake ni nyeusi, na kabla hajanipita nimeshaamua moyoni kama huyu ni mkimbiaji au anapunguza kitambi tu. Nilifundishwa kutazama hivyo nikiwa na miaka kumi na minne, na aliyenifundisha nilimpenda sana.

Nilizaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo ukitoa mkono dirishani waweza kupokezana bakuli na jirani wa ng'ambo. Baba yangu ni fundi wa kanzu. Duka lake ni chumba kimoja kichochoroni, nyuma ya Biashara Street, na cherehani yake iko palepale mlangoni tangu sijazaliwa. Sisi ni watu weupe, wenye nywele za kulala. Hakuna katika nyumba yetu aliyewahi kuiona Arabuni ila kwa kwenda kuhiji, lakini shuleni Tononoka jina langu lilikuwa "Mwarabu," na sikulikasirikia. Kilichonikera ni mizigo iliyokuja nalo. Mwarabu ni mtu wa kukaa dukani. Mwarabu ni halua na kahawa. Mwarabu ukimwona anakimbia, basi nyuma yake kuna mbwa.

Nami nilikuwa nakimbia bila mbwa yeyote. Mama alinituma dukani akiwa anabandika maji ya chai, nikarudi na sukari maji hayajachemka. Mwalimu wetu wa michezo akaniona siku moja uwanjani nikiwafukuza wasichana wa darasa la juu yangu, akaniita pembeni. Alikuwa mtu wa mtaani kwetu, mweupe kama sisi, akiswali msikiti mmoja na baba. Akaniambia, "Wewe una kitu." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nina kitu chochote, ila kelele.

Kwa miezi minne alinifundisha kila siku baada ya masomo. Mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja. Alinifundisha kupumua, kutokaza mabega, kutokata mikono mbele ya kifua kama mtu anayekuna nazi. Neno lake alilolipenda lilikuwa hili: "Mzunguko wa kwanza ni salamu, wa pili ndio mazungumzo. Usimalize maneno yote kwenye salamu." Mpaka leo sijasikia mtu aliyeeleza mbio kwa lugha ya Mombasa vizuri kuliko yeye, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumbani, mama aliogopa maneno ya watu. Baba ndiye aliyelimaliza jambo. Alinisimamisha mlangoni pa duka lake, akanipima kiuno na miguu kwa ile futi yake ya kamba, akasema, "Mtoto na akimbie, lakini akimbie amesitirika." Akanishonea suruali ya bluu ya kitambaa chepesi, yenye lastiki kiunoni na kwenye vifundo. Aliishona usiku mmoja wa shughuli nyingi, akiwa na kanzu za watu zinamngoja. Nilipoivaa nilijiona siwezi kushindwa na mtu.

Muhula wa pili akaja msichana mgeni kutoka bara. Baba yake alikuwa amehamishiwa kazi bandarini, wakapata nyumba Buxton. Alikuwa mrefu, mweusi, mkimya, mwenye macho ya kuomba radhi. Mwalimu alimuuliza kwao ni wapi. Alipotaja, kule wanakotoka wakimbiaji mashuhuri, mwalimu alisimama wima kama aliyeletewa zawadi.

"Mashallah," akasema. "Basi wewe utakimbia."

"Mimi nacheza tenisi ya meza, mwalimu," msichana akajibu. "Kule shule yangu nilikuwa kapteni."

Mwalimu akacheka. "Mezani? Na miguu hii?"

Hakuwa amemwona akikimbia hata kwenda msalani. Nami, nikisema ukweli, nilicheka pamoja naye.

Tangu siku ile mwalimu alibadilika kidogo kidogo. Hakuniacha, lakini nikikimbia alinitazama kama mtu anayetazama mvua ya rasharasha, akijua haitadumu. Siku moja nilimsikia akimwambia mwalimu mwenzake, "Huyu wangu anajitahidi, maskini, lakini ni miguu ya dukani." Alisema kwa upole. Lau angesema kwa ukali ningemchukia, yakaisha.

Nafasi ilikuwa moja. Msichana mmoja wa mita mia nane angekwenda Nairobi na timu ya shule za Pwani, na kuchaguliwa kulikuwa kwa saa ya mwalimu. Mwaka ule majaribio yaliangukia Ramadhani. Kwetu hakuna ajabu, mambo hupangwa kulingana na wanaofunga. Sisi tuliofunga tulikimbia asubuhi mapema baada ya sala, daku ikiwa bado tumboni na jua halijapata nguvu. Wasiofunga walikimbia saa nne. Kwa hiyo sikukimbia bega kwa bega na yule mgeni. Nilikimbia na wasichana wawili wa mtaani kwetu ambao walikuwa wamekuja kwa kunipa moyo tu. Aliyetupima sote ni mwalimu na saa yake.

Mgeni mwenyewe alikuwepo. Baba yake alimshusha pale mapema akienda bandarini, na mwalimu akampa daftari aandike nyakati atakazotajiwa. Namkumbuka amekaa kwenye tofali, kalamu mkononi, akinitazama nikizunguka.

Nilisalimia mzunguko wa kwanza, nikazungumza wa pili. Nilipofika mwisho nilianguka magotini, mate yamekauka, na sikujua nimekimbia kwa muda gani. Mwalimu hakunitajia. Alisema, "Umefanya vyema, kapumzike, usije ukafungua," akaelekea alipokuwa yule wa daftari.

Saa saba mchana aliniita ofisini. Alisema mwenzangu amenipita kwa sekunde tatu. Alisema niwe na subira, na kwamba mtu ashukuru kwa alivyoumbwa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, suruali ya bluu ndani ya mfuko wa shule. Baba alikuwa mlangoni pa duka akitia uzi kwenye sindano. Nilimwambia nimeshindwa. Akaniambia, "Ni kheri, mwanangu," na hakuinua macho.

Mtu aweza kudhani niliendelea kukimbia kwa hasira. Hapana. Muhula uliofuata kulikuwa na mashindano madogo ya shule za kisiwani, nikakimbia. Mzunguko wa kwanza nikawa mbele. Wa pili wakanijia wasichana wawili weusi wenye miguu mirefu, sikuwa nikiwajua hata majina, na nikaitazama ile miguu, na yangu ikaelewa yenyewe. Nilihisi ikizama chini yangu bila kuchoka. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kifua kilikuwa bado na pumzi, na mimi nikapunguza, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Nilimaliza wa tano na hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

Basi mwalimu akanihamishia tenisi ya meza. "Mchezo wa ndani, wa kivulini," alisema, "unawafaa watu wetu." Nilicheza mwaka mmoja na niliuchukia kila siku. Yule mwenzangu alikwenda Nairobi akamaliza wa tisa kati ya kumi, akarudi akaambiwa ameharibiwa na joto la pwani. Wakati mwingine alipita mlangoni mwa ukumbi nikiwa nimeshika ule ubao mdogo wa kuchezea, akasimama kidogo kutazama mpira ukienda na kurudi. Sikuwahi kumpa acheze. Nilidhani ana chake na mimi nina changu.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mnene wa wastani. Mwaka huu binti yangu wa miaka kumi na moja alikuja na karatasi ya shule, wanataka majina ya wakimbiaji. Nilikuwa nakata bamia. Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Mamangu, sisi hatuna miguu ya mbio. Andika jina kwenye michezo mingine." Hakubishana. Karatasi ikabaki juu ya friji.

Wiki mbili baadaye, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikuwa Biashara Street nikichagua leso za kumpelekea wifi yangu. Mwanamke mrefu kando yangu alikuwa akiulizia kitambaa cha meza. Akageuka aliposikia sauti yangu.

"Mwarabu?" akasema, kisha akaziba mdomo kwa aibu.

Alikuwa yule mgeni wa bara. Tukakumbatiana. Kumbe hakuwahi kuondoka Mombasa. Ana kazi, ana watoto, anazungumza Kiswahili kama amezaliwa Kuze, mtaani kwetu. Tukasimama mlangoni mwa duka tukicheka mambo ya shule, na mimi, kwa mzaha tu, nikamwambia, "Zile sekunde tatu zako sijazisahau."

Akaacha kucheka.

"Sekunde gani?"

"Ulizonipita nazo."

"Wewe ndiye uliyenipita," akasema. "Sekunde nne. Mimi ndiye niliyeandika. Mwalimu aliniambia nisiseme, eti baba yako amekubali na ni jambo la heshima kwenu. Mimi nilikuwa mgeni. Nikajua ninyi wenyewe mnaelewana." Halafu akasema, "Sikutaka hata kwenda. Nililia njia nzima ya treni."

Sikumbuki tuliagana vipi. Nakumbuka niliacha zile leso juu ya meza ya mwenye duka na akaniita nikiwa nimeshakata kona.

Mwalimu ameshafariki. Mungu amrehemu; nasema hivyo kwa sababu ndivyo tusemavyo. Lakini baba yu hai, na duka liko hatua hamsini kutoka pale. Nilimkuta kwenye cherehani, na binti yangu amekaa kwenye kigoda ndani akisoma, maana akitoka shule humngojea babu yake wafunge duka pamoja.

"Baba," nikasema, hata salamu sikutoa. "Ule mwaka wa mbio. Mwalimu alikwambia kweli nilikimbiaje?"

Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. "Hayo yametoka wapi leo?"

"Alikwambia?"

"Alin'ambia." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Alikuja siku ileile, kabla ya adhuhuri, kupimwa kanzu ya Idi. N'kiwa nampima mabega, akan'ambia, binti yako amempita yule wa bara. Lakini kule Nairobi atakutana na ishirini kama yule. Sisi si watu wa mbio, akasema, mtoto atadhalilika mbele za watu wazima. Afadhali avunjike moyo hapa nyumbani. Akan'uliza, waonaje?"

"Nawe ukasemaje?"

"N'kasema, mwalimu ndiye ajuaye."

Asiye wa kwetu huenda asielewe neno hilo. Ndivyo tunavyomjibu daktari, imamu, fundi wa mabomba, mgeni yeyote mwenye kujua kazi yake. Si kukubali wala kukataa. Ni heshima, inatoka mdomoni kabla mtu hajafikiri. Kwa heshima hiyo baba aliitoa nafasi yangu huku futi iko begani mwa mtu, kisha akaandika urefu wa mikono na kuendelea na kazi.

"Ungeweza kuniambia mimi," nikasema. "Hata mwaka mmoja baadaye. Hata siku ya harusi yangu."

"N'likuonea huruma, mwanangu. N'liogopa waje wakucheke."

"Wewe ulinishonea suruali, baba! Ulinishonea suruali ya miguu usiyoiamini."

Akarudisha miwani machoni. Nimewahi kumkasirikia baba kwa mambo madogo, kama mtoto yeyote, lakini hii haikuwa hasira ya kupita. Mwalimu alinidanganya, sawa, mwalimu ni mtu baki. Huyu alijua. Alikuwa akijua nilipomwambia nimeshindwa, na alijua kila Ramadhani baada ya pale, nikiketi naye mkekani nikisema kwa kicheko kwamba mimi ni mtu wa dukani. Alinisikia nikijitukana kwa tusi walilonitungia wao wawili, akanipitishia tende.

Nilitaka kuondoka, nikashindwa. Baba akainuka polepole, akaichukua futi shingoni mwake. Sikumhurumia. Akamgeukia mjukuu wake.

"Ndoo hapa, babu akupime," akamwambia. "Nitakushonea suruali ya mbio, nzuri kuliko ya mamako."

Binti yangu hakuinuka kwenye kigoda.

"Usijisumbue, babu," akasema. "Mama ashan'ambia sisi hatuna miguu ya mbio."

Alisema bila uchungu wowote, kama anayemwambia mteja kwamba kitambaa kimekwisha. Akafungua ukurasa mwingine.