Golikipa wa Baba na Mchi wa Bibi

Enzi hizo tukikulia Grand Prairie, Texas, Jumamosi haikuwa siku ya kulala mpaka jua la utosi kama vijana wa leo, ambao wakitaka kitu hubonyeza simu na kungoja mlangoni. Baba alituamsha mapema, tukala mahamri ndani ya gari huku tukizunguka mitaa ambako watu walitandaza vitu vyao vya zamani mbele ya gereji kuviuza. Tulitafuta kitu kimoja tu: vibubu vya kauri vya wachezaji wa besiboli, vichwa vikubwa, mashavu mekundu. Mchezo wenyewe Baba hakuuelewa hata kidogo. Yule mdakaji aliyevaa kinyago alimwita golikipa, na golikipa ndiye aliyekosekana kwenye rafu yetu miaka nenda miaka rudi.

Siku tuliyompata, Baba alimfunga mkanda wa gari kama mtoto. Ramadhani nzima tukamlisha sarafu.

Mwaka huo Bibi, mamake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Kibubu alichokijua yeye kina tundu moja tu, na mkesha wa Idi hupasuliwa, watoto wakafurahi. Basi mkesha ulipofika, Baba akiwa bado njiani na lori kutoka Houston, Bibi alimfunika golikipa kwa kanga, akainua mchi wa kinu.

"Bibi, no! Usi-break, ni ya Baba!" nikapiga kelele.

"Sasa hizo sarafu mtazitoaje, kwa miujiza?" Akashusha mchi.

Baba aliingia, akaviona vipande. Vibubu vyake hata kuvipangusa hakuturuhusu. Akaokota kipande cha chini, chenye kizibo cha mpira, akamwonyesha Bibi.

"Mama, hufunguliwa hapa."

Bibi akakigeuzageuza. "Kibubu chenye mlango? Hilo si kabati, mwanangu?"

Baba akamtazama mamake. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, nasi tukamrukia mgongoni. Sijapata Idi tamu kama ile.

Leo pesa za Idi za wanangu huingia kwenye simu kimyakimya. Hawana wanachokosa, alhamdulillahi. Ila sijui watayaonea wapi mambo yale: mtu mzima anapoteza kitu alichokisaka miaka yote, anamtazama mamake, kisha anachagua kucheka.