Mchuzi Ulioonjwa

Mama wa dukani alikipanga chakula kile kwa siku sita, na kila siku alikuwa akikipangua. Aliandika kwa penseli juu ya karatasi ya kufungia sukari, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nilikuwa nimekaa chini nikichagua mchele, na moyoni nikimwambia, mama, ni watu watano tu wanaokuja, si jeshi.

Lakini nilijua kwa nini hatulii. Wageni, Wahindi wenzake, walikuwa wanatoka Mombasa kuja kumtazama binti yake. Wakimpenda wangemposea kijana wao, na kijana yule alikuwa na karatasi za uraia. Wasipompenda, binti angeondoka na wazazi wake. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Muda wa kuomba uraia ulipita huku mumewe, mwenye duka, akingoja aone mambo yatakavyokwenda, na sasa leseni ya duka ilikuwa imekataliwa. Pasipoti walizokuwa nazo zilikuwa za Uingereza. Binti alizaliwa papa hapa Msambweni, hata Nairobi hajapata kufika. Aliniambia siku moja tukiosha vyombo kwamba akipelekwa Uingereza atakufa kwa baridi, na hakuwa akifanya mzaha.

Mimi ni mtu wa Munje, kijiji cha jirani. Niliingia nyumba ile kuosha vyombo na kutwanga bizari wakati binti ana miaka tisa, na sasa alikuwa na kumi na minane. Sikumzaa, ila nywele zake nimezisuka mimi, na siri zake za kitoto nilikuwa nazo mimi. Mgongo wa mama ulipoanza kumsumbua, mwiko ulihamia mkononi mwangu kidogo kidogo, yeye akiketi kwenye kigoda na kuniamuru.

Kwetu mlo ni wali na kitoweo. Kama hakuna samaki, au angalau dagaa, mtu atakwambia hajala, ameshinda tu. Kwa hiyo mwanzoni niliwahurumia Wahindi wale wasiokula chochote chenye damu. Ilipita miaka ndipo nikaelewa kwamba sahani yao ina sheria kali kuliko yetu. Kukiwa na mboga ya mchuzi, sharti iwepo na mboga kavu. Mchuzi wa mbaazi ukitiwa ukwaju, utiwe na sukari guru kidogo ya kuupoza. Wali na chapati havitoshi peke yake, lazima ziwepo choroko au dengu za kumpa mtu nguvu, na kitu kibichi cha kutafuna, na achari ya kuamsha ulimi, na mtindi wa kuutuliza. Viazi havitiwi kila mahali kama tufanyavyo sisi wavivu.

"Bibi ya kijana hana meno," mama alisema siku ya nne. "Choroko zilizochipua hataziweza."

"Basi tumpikie uji," nikasema.

Hakucheka. Alizifuta choroko, akaandika dengu za kupondeka. Dengu zilipoingia, akaona chakula kimekuwa kizito, akaondoa bajia. Bajia zilipotoka, akaona sasa hakuna kitu cha kukwaruza jino kwa wale wenye meno, akazirudisha. Koliflawa aliyoiagiza Mombasa ilifika na basi imeshakuwa ya manjano na kunyauka. Aliishika mapajani akaitazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka. Nikamwambia tuna biringani changa, tuna bamia, tuna mumunye, na vyote vimechumwa shambani asubuhi ya leo. Akaandika biringani.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyozidi zote. Katika nyumba ile chakula hakionjwi. Kikishaiva, sahani ndogo hutangulizwa mbele ya picha za miungu yao, kwenye pembe ya sebule, ndipo watu wale. Kabla ya hapo ulimi wa mtu ukikigusa, kimekuwa makombo, na Mungu hapewi makombo. Mimi, niliyelelewa kudondosha mchuzi kiganjani na kuulamba kabla chungu hakijaepuliwa, niliteseka sana. Mama alinifundisha kuonja kwa pua na kwa macho. Katika miaka ile tisa sikuivunja sheria hiyo hata mara moja, na nasema hivi Mola akinisikia.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Mama akawa mara sebuleni, mara jikoni, kanga yake ya kupikia juu ya sari mpya. Ghafla alisimama mbele ya sufuria ya mchuzi wa mbaazi, kopo la chumvi mkononi, akaduwaa.

"Nimetia chumvi?"

"Sikuona, mama. Nilikuwa nasukuma chapati."

Aliinama akanusa. Nami nikanusa. Lakini chumvi haina harufu. Mchuzi ulikuwa umetulia pale, rangi nzuri, samli ikielea juu, na hausemi neno. Ukiwa hauna chumvi ni aibu, ukiwa na chumvi mara mbili ni aibu zaidi, na bibi ya kijana ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo ule.

"Onja," mama akasema.

"Mama?"

"Onja upesi. Nitamwomba Mungu radhi mwenyewe."

Nilidondosha mchuzi kiganjani nikaulamba. Nilipoinua kichwa, bibi ya kijana alikuwa mlangoni. Alikuja kuomba maji. Kiganja kikiwa bado mdomoni, nikasema, "Shikamoo, bibi," kama mjinga.

Mama aligeuka akanikaripia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. "Nani amekwambia uonje? Nani?" Macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo. Yalikuwa yakiniomba.

Nilijua anachokiomba, nikampa. "Nisamehe, mama. Nimesahau. Ni mazoea tu."

Neno hilo la mazoea nililiongeza mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilidhani uongo ukivikwa vizuri utapita, na kwamba lawama ya mtumishi haimgharimu mtu kitu.

Bibi hakupiga kelele. Alisema kwa Kigujarati, polepole, nami nilikuwa nimekaa jikoni mle miaka ya kutosha kuelewa kila neno. Alisema kama ni mazoea, basi nyumba hii imekuwa ikimpa Mungu makombo miaka yote, na binti huyu amekulia makombo hayo hayo. Kisha akarudi sebuleni bila maji.

Hapo ndipo tulipopaswa kusema. Kosa la siku moja, la mama aliyepagawa, pengine lingesamehewa, kwani hata wao wamewahi kuchanganyikiwa wakipokea wageni. Mama aligeukia sufuria akaiepua. Nami nilisimama na unga mikononi, nikingoja aanze yeye. Hakuna aliyeanza.

Wageni hawakuonyesha utovu wa adabu. Walikula ndizi mbivu na kunywa madafu, kwa sababu hivyo huja vimefungwa na maganda yake. Chakula cha siku sita kilikaa mezani kikipoa, kila kitu mahali pake, kikavu kando ya cha mchuzi, kitamu kando ya kichachu. Kabla ya alasiri gari lao lilikuwa limeshaondoka, na posa haikutajwa.

Binti akaja jikoni. Nadhani alikuwa amelia tayari, maana uso ulikuwa mkavu kabisa.

"Dada," akaniuliza, "ni kweli umekuwa ukionja siku zote?"

Mama alikuwa hapo jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Hakuinua kichwa. Nilimngoja tena. Nilikuwa na hasira naye, na ningeweza kuyamwaga yote pale pale. Lakini binti alikuwa na baridi ya Uingereza mbele yake na mama huyo mmoja tu wa kwenda naye.

"Ni kweli," nikamwambia.

Binti na wazazi wake waliondoka mwezi haujaisha. Asubuhi ile binti aliwakumbatia majirani mmoja mmoja, hata muuza maji. Kwangu alitoa kwaheri akiwa ameshaingia ndani ya gari, uso ameuelekeza mbele. Kama yu hai, anaamini kwamba mimi ndiye niliyemnyima nchi yake, na aliyemwambia hivyo ni mimi.