Kukonda na Kupungua

Daktari alimwambia dada yangu apunguze mwili kwa sababu ya presha, naye kwa uvivu wake wa kutembea akachagua vidonge. Alivinunua kwa msusi mmoja Mkongo pale Doornfontein, huku Afrika Kusini tunakoishi, kopo la kijani lenye picha ya kiuno cha mtu asiyejulikana. Nilimcheka. Akanijibu kwamba wivu hauondoi kitambi, akavimeza kwa chai.

Vikafanya kazi, au ndivyo tulivyoona. Sketi zikaanza kumzunguka kiunoni. Kanisani kina mama walimvuta pembeni wamuulize siri yake, na msusi akamfanya tangazo. Dada alijiona bibi harusi. Hakuwa amesifiwa hivyo tangu aolewe na yule mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekutana naye kwetu Morogoro, akamleta huku, kisha akafa akamwacha.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama yetu, aliyebaki Morogoro, hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila akimwona kwenye simu ya video alisema, "Mwanangu, umekonda."

"Sijakonda, mama. Nimepungua."

Kwetu hayo si mamoja. Mtu hupungua kwa kutaka mwenyewe, akapewa hongera. Hukonda kwa maradhi au mawazo, na watu wakaanza kunong'ona. Basi dada aling'ang'ania neno lake, na kopo akaliweka juu ya friji, mgeni asikose kuliona. Alipoanza kubakiza ugali alisema vidonge vinakata hamu. Mgongo ulipomuuma alisema ni mafuta yanayeyuka. Mama naye hakubadilisha neno, mpaka dada akaacha video, akawa anapiga simu ya sauti tu.

Alipozidiwa nikampeleka hospitali. Huko daktari alisoma maandishi ya lile kopo, akatuambia kwa upole kwamba vidonge vya namna hiyo, hata vikisaidia, humpunguza mtu kidogo sana. Kilichokuwa kinammaliza dada kilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshaenea. Nilishikwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Msusi mwenyewe alilia kuliko mimi. Dada alisikiliza yote, akasema madaktari wa hapa wanapenda kutisha watu, na kwamba akiacha vidonge atanenepa.

Wiki hiyo hiyo aliomba nimpigie mama kwa video. Mama nilikuwa nimeshamweleza kila kitu. Nilimwinua dada kwenye mto, nikamfunga kilemba, nikamshikia simu. Mashavu yake yalikuwa yamekwisha. Mama alisogeza uso karibu na simu, nami nikaliogopa lile neno lake.

"Umependeza, mwanangu," alisema. "Umepungua."

Dada alimwambia asante. Kisha akaisukuma simu taratibu, akageukia ukutani akalia. Ya daktari hakuyaamini. Hilo la mama aliliamini.