Kompyuta ya Dada Mwanaidi

Juzi, dukani Kinondoni, nilimwona fundi akisogeza swichi nyekundu nyuma ya kompyuta kabla ya kuichomeka. Nikamkumbuka dada yangu Mwanaidi, alasiri ile kwetu Tandale, akiunga kompyuta yake ya kwanza sakafuni ili afungue duka la kutoa kopi.

Alipoiwasha ililipuka paa! Chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Mwanaidi akashika kichwa, machozi yakimtoka. Mie nilidhani ameogopa mlio.

“Usiogope, dada, imeshanyamaza.”

“Haya, mdogo wangu,” alijibu.

Sasa najua swichi ile ilikuwa imewekwa kwenye umeme mdogo kuliko wetu. Hakuna aliyemwambia.

Baadaye alikubali posa aliyokuwa akiikataa. Harusini nilicheza mpaka viatu vikakatika.