Siku Makorora Ilipoona Pembe

Mwanangu kaniletea riwaya wanayoisoma shuleni. Ni habari za nchi ya kubuni ambako watu wote lazima waseme jua ni la kijani, na wote wanasema, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayeitwa kichaa. "Mama, kweli watu wanaweza kuwa hivi?" akaniuliza. Nikaifunga ile riwaya. Ndugu yangu, jua hilo la kijani mimi nimeliona kwa macho yangu, mtaani kwetu Makorora, nikiwa ningali mtoto wa madrasa.

Si kwamba utoto wangu ulikuwa mbaya, la. Kila asubuhi bibi alinituma kwa jirani yetu, mjane mmoja aliyepika mbaazi za nazi. Nikimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, hunitilia kidogo kiganjani nitafune huku nangoja zamu yangu. Mtaa mzima ulikula kwake.

Kisha watoto wawili mtaani wakafa kwa homa, na watu wakamleta mganga wa kufichua wachawi. Akachimba mlangoni kwa mjane, akainua pembe nyeusi. Wallahi ilitoka kwenye mkono wa kanzu ya huyo mganga! Tuliokuwa mbele tuliiona ikiteleza, na waliokuwa nyuma yetu wakaguna kabisa. Mganga akauliza, "Mmeiona ilikotoka?" "Tumeona! Ardhini!" wakaitikia, watu ambao midomo yao ilikuwa haijakauka tui la mbaazi zake. Na mwalimu wetu wa madrasa, aliyetuchapa kwa kusema uongo, naye kaitikia. Ptuu!

Bibi yangu akasogea mbele. "Baba, pembe imetoka kwenye kanzu yako. Na hawa wote wameiona."

Mwanamke mmoja akacheka, "Bi mkubwa kashaanza kuchanganyikiwa," na wote wakacheka naye. Basi, toka siku ile bibi akawa ndiye mwenye wazimu. Watoto waliacha kumwamkia shikamoo, wakawa wanamgongea makopo akipita. Hakujali. Aliendelea kununua mbaazi, mteja peke yake, huku sufuria zima likichacha. Mwisho mjane akakunja mkeka wake akaenda kwa ndugu zake upande wa Amani. Bibi ndiye aliyemsindikiza stendi. Jioni ile ile majirani wakang'oa mabati ya nyumba yake, wakagawana.

Mwezi uliopita nilirudi Makorora kwenye msiba. Ilipokuwa nyumba ya mjane pana fremu za maduka, na harufu ni ya chipsi. Nikawauliza wazee waliobaki habari zake. "Maskini! Alionewa yule." Na nani? "Watu." Watu gani? Mmoja siku ile alikuwa Pangani. Mwingine alikuwa bandarini kazini. Wa tatu, yule yule mwanamke aliyemcheka bibi, akaapa kuwa alimtetea mpaka sauti ikamkauka.

"Tena mwanangu usione vibaya," akaniambia, "bibi yako ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kwamba kaiona pembe ikitoka ardhini."

Nikawatazama wengine, nikingoja hata mmoja amkatalie. Wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Nikawaambia ni waongo. Wakanionea huruma, wakaniambia nilikuwa mtoto, sikumbuki vizuri. Bibi yangu hayupo ajisemee. Waliobaki ni wao, wengi, na mimi mmoja.